Herufi T kwenye Nyumba ya Shangazi

Tarishi wa halmashauri alibandika tangazo kwenye mlango wa Shangazi huku Shangazi mwenyewe amemshikia kigoda. Tarishi alikuwa mfupi, gundi inamdondokea kwenye viatu, na Shangazi hakuwa mtu wa kumwangalia mgeni akihangaika. Alitoka na kigoda wanachokalia wateja wake, akasema, "Panda, baba, usije ukavunjika shingo kwa ajili ya karatasi." Tarishi akapanda, akabandika, akalipiga tangazo makofi mawili lishike, akashuka, akashukuru. Ndipo Shangazi akavaa miwani yake ya kutungia sindano, akasoma kwamba nyumba namba mia moja na saba ni tupu, haina mkazi, na itabomolewa katika awamu ya kwanza.

"Tupu?" aliuliza. "Sasa mimi ni nani?"

Tarishi aliangalia tangazo, akamwangalia yeye, akachungulia ndani ambako cherehani ilikuwa na gauni nusu, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado. "Mama, mimi kazi yangu ni gundi," alisema, akabeba ndoo yake na kwenda mlango wa pili.

Hebu fikiria. Mwanamke huyu alikuwa amekaa sebuleni humo miaka thelathini na mbili, cherehani imeelekea mlangoni, kiasi kwamba mtu yeyote aliyepita mtaa ule akiwa na suruali iliyochanika alijua pa kwenda. Watu wazima na watoto walimwita Shangazi, ingawa mwenye haki ya kumwita hivyo kwa damu alikuwa mmoja tu. Huyo alikuwa binti wa kaka yake, aliyeachwa kwake akiwa na miaka sita, "kwa wiki mbili tu, dada." Zile wiki mbili zilipita shule ya msingi, zikapita sekondari, zikaenda hadi shahada ya tatu. Binti alikuwa na doa dogo jeusi pembeni ya pua, kwa hiyo nyumbani aliitwa Kidoti. Chuo kikuu aliitwa Daktari, na alifundisha mipango miji.

Na mtaa wenyewe ulikuwa kwenye mpango. Nyumba za zamani zingebomolewa, yangejengwa maghorofa, na kila mkazi angerudi na kupewa makao yake humo. Hilo lilisemwa mkutanoni kwa kipaza sauti na watu wakapiga makofi. Ambalo halikusemwa kwa kipaza sauti ni kwamba nyumba ikiandikwa tupu, hakuna wa kurudi. Inabomolewa kwanza kwa kuwa haina usumbufu, na aliyekuwa ndani yake ajijue mwenyewe.

Hata gundi haijakauka, jirani yake alifika. Jirani huyo ni muuguzi, analinda wagonjwa usiku kucha na kulala mchana, na akiamshwa mchana huwa hana urafiki na mtu. Alikuwa ameshika tangazo lake, amelibandua na rangi ya mlango juu yake.

"Shangazi, hawa si ndio wale watoto wako wa vizibao?"

"Watoto gani?"

"Wale uliotupitishia milangoni. Na mimi wameniandika tupu. Nilikuwa nimelala! Mtu akilala amehama?"

Shangazi akakumbuka.

Ilikuwa miezi minane nyuma. Kidoti alikuja, akavua viatu huku anaongea kama kawaida yake, akasema, "Shangazi, nisaidie. Nataka kuleta wanafunzi wangu hapa mtaani wafanye mazoezi ya kuhesabu nyumba, lakini watu hawatawafungulia."

"Si watakuja na wewe?"

"Mimi nilishahama. Wakija na wewe ndiyo watafunguliwa."

Kuambiwa hivyo kulimpanda Shangazi kichwani, tuseme ukweli. Alishona vizibao thelathini vya rangi ya chungwa, kila kimoja kimeandikwa MWANAFUNZI mgongoni kwa kitambaa cheusi, herufi zimekaa sawa kama za kiwandani. Siku yenyewe ilipofika alifunika cherehani, akafunga mlango, akatia ufunguo kifuani, na tangu asubuhi hadi alasiri akazunguka nao mlango kwa mlango. "Fungueni, hawa ni wanafunzi wa mwanangu, hawauzi kitu!" Watu wakafungua. Hata mzee wa nyumba ya kona, ambaye hata wanawe huwafungulia nusu mlango, alifungua mlango mzima.

Walipofika mia moja na saba yeye alikuwepo pale pale, amemshikia mwavuli kijana mmoja mrefu aliyekuwa anaandika, maana jua lilikuwa linampiga kwenye karatasi. Wenzake walimwita Rula, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila rula. "Hapo msijisumbue," Shangazi alisema kwa maringo kidogo. "Hapo mwalimu wenu anapajua vizuri."

Basi. Ile ndiyo siku pekee katika mwaka ule ambayo nyumba yake ilikosa mtu mchana.

"Ni makosa haya," alimwambia muuguzi. "Kidoti hajaliona. Akiliona hilo tangazo, hiyo halmashauri itamtambua."

"Haya," muuguzi alisema. "Tuko arobaini na moja. Nimehesabu kwenye orodha ya tarishi. Na tumepewa siku saba." Akaenda kulala, au kujaribu.

Simu ya Kidoti iliita hadi ikachoka. Kesho yake asubuhi Shangazi alikunja tangazo, akalitia kwenye mkoba pamoja na miwani, akaenda chuoni.

Darasa lilikuwa ghorofa ya tatu, chumba kirefu chenye meza kubwa za mbao zilizochorwachorwa na visu, na juu yake vijumba vya maboksi, mikasi, na harufu ya gundi ile ile ya tarishi. Alikaribishwa nyuma na mwanafunzi aliyedhani ni mgeni wa idara. Mbele alisimama Kidoti, suti ya kijivu, mkono mmoja mfukoni. Suti aliishona Shangazi. Kidoti alipomwona alikosa neno moja, akalipata, akaendelea.

"Mpango wa makazi hauanzi na saruji," alikuwa anasema. "Unaanza na kuhesabu watu. Ukimkosa mtu kwenye hesabu yako, umeshamhamisha kabla tingatinga halijawashwa. Andikeni hilo."

Kalamu zote zikainama. Na Shangazi, pamoja na tangazo lake mkobani, alijisikia fahari hadi akataka kumgusa aliyekaa karibu amwambie, yule nimemlea mimi. Ndivyo alivyokuwa, masikini. Moyo wake ulikuwa bado haujapata habari.

Kipindi kilipokwisha, Kidoti alizungukwa na wanafunzi wenye maswali, na Shangazi akasogea ukutani ambako kulitundikwa ramani kubwa yenye alama nyekundu ya vema na maneno *Kazi bora ya mwaka*. Aliutambua mtaa wake kwa ule mfereji unaokata kona. Nyumba nyingi zilipakwa bluu. Chache zilikuwa nyeupe, kila moja na herufi T katikati.

"Mama! Wewe si ndiye uliyetuongoza?" Alikuwa ni Rula, rula mkononi, uso umejaa furaha ya kweli. "Hii ndiyo kazi yetu. Bluu ina watu, T ni tupu."

"Nionyeshe mia moja na saba."

Akaigusa kwa ncha ya rula. Ilikuwa nyeupe. "Hapa nilibisha mwenyewe. Sheria yetu ilikuwa bisha mara tatu, hesabu hadi ishirini. Hakuna aliyejibu."

"Angejibu nani? Mwenyewe nilikuwa nyuma yako nimekushikia mwavuli."

Furaha ikamtoka Rula polepole. "Ni kweli," alisema. "Lakini tuliambiwa tusiandike tunachodhani, tuandike kinachoonekana mlangoni. Nawe ulisema mwalimu anapajua. Kwa hiyo niliandika T kwa penseli, mama. Zote tuliandika kwa penseli, tukamwachia mwalimu."

Shangazi akavaa miwani, akausogeza uso. Ile T haikuwa ya penseli. Ilikuwa ya wino mweusi, na mkia wake umepinda kushoto kidogo. Aliujua mkia huo. Alikaa na mwenye mkono huo kwenye meza ya kukatia vitambaa, jioni baada ya jioni, akimfundisha kuandika herufi, na huo mkia hakuweza kuunyoosha hata kwa kofi.

Alitoa tangazo mkobani, ambalo chini yake lilichapwa kiramani kidogo, akalinganisha. Mtu aliyekata nguo maisha yake yote hahitaji kuambiwa pindo liko wapi. Ramani ya ukutani ilikuwa na ukingo chini, na kwenye ukingo mstari wa maandishi: *Nyumba zote zenye T zinasubiri ziara ya pili. Ramani hii ni ya mazoezi.* Ile ya halmashauri haikuwa na ukingo wala mstari. Ilikatwa hapo hapo juu ya maneno, na ikakatwa vizuri, na mtu mwenye mkasi mkali na mkono usiotetemeka.

Ofisi ya Kidoti ilikuwa na viti viwili, kimoja kimejaa makaratasi. Aliyaondoa, akamkalisha Shangazi, akafunga mlango.

"Ulipigiwa simu," Shangazi alisema.

"Niliona. Sikujua nianzie wapi."

"Anzia kwenye wino."

Kidoti akasema, "Niliiona, Shangazi. Nilipokuwa nazipitia, niliiona ya kwako. Lakini T zilikuwa arobaini na moja, na hatukuwa na uhakika na hata moja. Ningebadilisha moja tu, ya shangazi yangu, watu wangesema nini?"

"Wangesema ina mtu. Kwa sababu ina mtu."

"Ingekuwa upendeleo. Nilitaka turudi kuzibisha zote upya, haki iwe sawa. Halafu basi la chuo likaharibika, muhula ukaisha. Halmashauri wakaja kuomba ramani, wakasema ni ya kuangalia tu, watapima wenyewe."

"Na ule mstari wa chini?"

"Walitaka nakala safi."

"Nani alikata?"

Kidoti aliangalia mikono yake. "Mimi," alisema. "Walisema ramani yenye neno mazoezi haiwezi kuingia kwenye faili. Walikuwa wanatafuta mshauri wa mpango, na wanafunzi wangu wanahitaji mahali pa kufanyia kazi. Nikajiambia tutarekebisha baadaye, kuna muda."

Shangazi aliuma midomo. Uchungu ulimjaa, na ulikuwa uchungu wa kipekee, wala si wa nyumba. Angeweza kuisamehe halmashauri; halmashauri haijawahi kula kwake. Hata yule kijana wa rula aliandika alichofundishwa. Lakini huyu alijua kila ufa wa ile nyumba, alijua dirisha lipi linakwama mvua ikinyesha, na alikaa hapa kwenye kiti chake, akachovya kalamu, akamfuta mtu aliyemfunga kamba za viatu. Na alifanya hivyo kwa jina la haki.

"Sasa?" aliuliza.

"Kuna dawati la pingamizi. Nikienda kama msimamizi wa upimaji, nikikiri kwamba T hazikuthibitishwa, naweza kusaini zote arobaini na moja zirudishwe. Chuo hawatafurahi, lakini nitasaini. Ila kuna kifungu. Msimamizi asiwe na ndugu mtaani. Akiwa naye, saini yake haifai, upimaji wote unawekwa kando, na upimaji wa halmashauri wenyewe hautafanyika kabla ya awamu ya kwanza, kwa hiyo matangazo yaliyokwisha kubandikwa yanabaki. Mimi sikuandika kwamba nina ndugu."

"Kwa hiyo na hapo ulikuwa umeshanifuta."

"Shangazi..."

"Na sasa unataka nikukane."

"Sijasema hivyo."

"Umesema, mwanangu. Umezunguka tu." Akainuka, akachukua mkoba wake.

Aliporudi mtaani hakuwaficha kitu. Aliwaambia wote kwa mpigo, pale nje kwa muuguzi, kuhusu wino, mkasi na kifungu. Kinyozi wa mtaa alitaka kwenda kumwaga mtama siku hiyo hiyo, dunia ijue. Muuguzi akamuuliza kama dunia itampa chumba cha kulala. Wote wakamwangalia Shangazi, watu arobaini, na hakuna aliyethubutu kumwomba kwa mdomo.

Siku ya sita walijaa kwenye ukumbi wa halmashauri, kwenye mabenchi ya mbao, mbele yao karani mwenye mihuri mitatu na kikombe cha chai kilichopoa. Kidoti alikuwa amefika kabla yao, ameketi upande wa maofisa. Alikuwa amevaa ile suti. Karani alisoma majina ya nyumba, akasoma kukiri kwa msimamizi, akauliza maswali yake kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vipuri.

"Daktari, una undugu na mlalamikaji yeyote?"

Shangazi alikuwa amejiandaa kwa swali hilo siku nzima na usiku wake. Alijua jibu litakuwa nini. Si walishakubaliana kwa kunyamaza. Alichotarajia ni kusitasita kidogo. Kumeza mate hivi. Jicho moja la haraka upande wa mabenchi, akaelewa kwamba inamuuma.

"Hapana," Kidoti alisema. Alisema wakati karani bado hajafunga mdomo.

Karani akaandika. Kisha, pengine kwa kuwa Shangazi alikuwa benchi la mbele, au kwa kuwa alikuwa amekaza macho mno, akanyoosha kalamu. "Wewe mama wa mia moja na saba. Unamfahamu huyu mwalimu?"

Kinyozi alikohoa. Muuguzi, ambaye hakuwa amelala tangu jana, alimshika Shangazi mkono juu ya kiwiko na kubana. Neno moja tu lingetosha. Angesema, huyu nimemlea, huyu doa lake la pua nalijua kabla hajajua kusoma, na suti, na mshauri wa mpango, na kile kiti ofisini vingeanguka kwa kishindo. Na arobaini wengine wangeanguka navyo. Shangazi aliutazama uso wa Kidoti, na sasa, baada ya jibu kwisha kutoka, ule uso ulikuwa umejaa hofu.

"Simfahamu," Shangazi alisema. "Aliwahi kupita mlangoni kwangu. Hakubisha."

Karani akachukua muhuri wa kati, akaupumulia, akagonga mara arobaini na moja.

Njiani watu waliimba. Walimwinua Shangazi mabegani hadi akaogopa kuanguka, wakamwita mama wa mtaa, wakaahidi kumletea nguo zote za kushona hadi wajukuu. Yeye alicheka nao kadiri ya uwezo wake. Alipofika ndani alikaa kwenye kiti cha cherehani bila kuifunua, akalia kilio cha kweli, kwa sauti, mdomo wazi. Nyumba alikuwa ameipata. Aliyekuwa anamshonea sare ndani yake hakuwa naye tena, na hakuna dawati la kupeleka pingamizi hilo.

Jumatatu tarishi alirudi na ndoo yake, akapewa kigoda, akabandika jipya juu ya la zamani: INA MKAZI. "Hongera, mama," alisema. "Nilijua tu."

Jumamosi yake, saa nne asubuhi, Shangazi alikuwa anamalizia mkono wa pili wa lile gauni aliposikia viatu vya visigino vinakuja polepole, vinasimama mlangoni. Pazia la dirisha lilikuwa limeinuka kidogo. Aliona upindo wa sketi ya kijivu, na mfuko wa matunda umeshikwa kwa mikono miwili.

Tangu akiwa na miaka sita Kidoti hakuwahi kupiga hodi kwenye mlango ule. Huingia, huongea, ndipo salamu hufuata. Leo alibisha. Alibisha mara tatu, taratibu, kwa nafasi.

Shangazi alitoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza. Mguu wenyewe ulikuwa umeshageuka kuelekea mlangoni, hata hivyo akakaa, akaanza kuhesabu. Alipofika kumi na mbili alisikia mfuko wa matunda unawekwa chini. Alipofika kumi na nane alisikia, "Shangazi, ni mimi," kwa sauti ndogo ya zamani. Akamalizia kumi na tisa, akamalizia ishirini.

Kisha akarudisha mguu kwenye kanyagio na kushona, kwa nguvu zote, ili aliyesimama nje asikie vizuri kwamba nyumba ina mtu.